Seneta akifa kazini, nani alikuwa anajaza kiti?

Nafundisha historia ya katiba, na nikifika pale kwamba zamani wananchi wa Marekani hawakuwa wanawapigia kura maseneta wao, lazima mwanafunzi mmoja aulize, sasa kiti kikibaki wazi katikati ya muhula inakuaje?

Katiba yao ilisema bunge la jimbo ndo linachagua, ila kiti kikiachwa wazi wakati wabunge wako likizo, gavana anateua mtu wa kushikilia mpaka warudi. Safi kabisa kwenye karatasi. Shida wabunge wakirudi halafu hawaelewani. Sheria ya 1866 iliwabana: kila baraza kati ya mawili ya bunge la jimbo lipige kura peke yake, matokeo yakitofautiana wakae pamoja kesho yake saa sita mchana, na kila siku wapige kura angalau moja mpaka mtu apatikane. Delaware mwaka 1895 walipiga kura 217 kikao kikaisha hola, na kuanzia 1901 mpaka 1903 jimbo zima halikuwa na seneta hata mmoja!

Si gavana angeteua tu? Ndo alichofanya wa Pennsylvania 1899, bunge lilipovunjika bila kuelewana akamteua Matthew Quay, lakini Seneti ikamkataa kwa kura 33 kwa 32. Hoja ilikuwa kwamba kiti kiliisha muda bunge likiwa linakaa, wakashindwa wenyewe, kwa hiyo gavana hana cha kuziba. Mi naona Seneti ilikuwa sahihi, ingawa kura moja ni kura moja.

Ila utamu uko Montana. Tajiri wa shaba William Clark alichaguliwa 1899 baada ya mbunge mmoja kusimama na bahasha zenye dola 30,000 akisema ni hela za kununulia kura. Kamati ya Seneti ikamkalia kooni, Mei 1900 akajiuzulu, sasa cheki mchezo, gavana alikuwa kasafiri California, naibu wake fasta akamteua Clark huyohuyo kujaza kiti alichokiacha mwenyewe! Gavana aliporudi akafuta akateua mwingine, Seneti haikumkalisha yeyote. 1901 bunge la Montana likamchagua tena Clark, na safari hii akakaa miaka sita.

Marekebisho ya 17 ya katiba, ya 1913, yakahamishia kura kwa wananchi. Gavana bado anaweza kuteua wa muda, ila mpaka bunge la jimbo limpe ruhusa.