Je, wajua kwa nini manyunyu huteleza kuliko mvua kubwa?

Aprili, saa nne asubuhi. Jua la Nairobi limewaka, vijia vya Msitu wa Karura vimekauka mpaka vinatimua vumbi, na baiskeli inakata kona bila wasiwasi. Saa saba linapita wingu moja, linadondosha manyunyu ya robo saa, na kijia kilekile kinageuka sabuni. Wala hakuna dimbwi hata moja. Ukikwangua kwa kisigino utakuta nusu sentimita tu ndiyo iliyolowa. Chini yake pakavu.

Siri iko kwenye hiyo nusu sentimita. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una mfinyanzi mwingi, na chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, tena bapa. Zikiwa kavu hushikana zikawa sakafu. Zikipata maji kidogo, kila chembe huvaa utando wa maji na kuanza kuserereka juu ya mwenzake. Tairi basi linajikuta juu ya uji mwembamba uliopakwa sakafuni: uji unateleza, na sakafu iliyo chini ni ngumu, meno ya tairi hayapati pa kuuma. Mvua ikishika saa nzima, maji huzama, udongo hulainika hadi chini, na meno nayo yanazama. Utachafuka na utakwenda polepole, lakini gurudumu haliponyoki ghafla kama lilivyoponyoka kwenye manyunyu.

Lami nayo ina mchezo huohuo, ila uji wake ni vumbi, oili ya magari na unga wa matairi uliokusanyika siku za jua. Mvua kubwa huusomba. Manyunyu huukoroga tu.

Dawa ya kwanza ni upepo wa tairi, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua mtu na baiskeli yake wana kilo 90 kwa jumla, na gurudumu la nyuma limebeba kilo 54. Kwa upepo wa psi 50 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), tairi linagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 15 hivi. Shusha hadi psi 30, eneo linafika karibu 26, na mpira unalainika kiasi cha kujikunja juu ya kokoto na mizizi badala ya kurushwa nayo. Hiyo ni kwa tairi pana la inchi 2 hivi. Tairi jembamba la inchi 1½ usilishushe namna hiyo. Ukigonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili yanayotazamana, na kiraka kimoja hakitatosha. Soma kiwango cha chini kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, usiende chini yake.

Breki ndiyo habari ndefu zaidi. Breki za raba hufanya kazi kwa msuguano kati ya raba na ringi. Ringi ikilowa, maji yanakaa katikati, kwa hiyo unapobana, kazi ya kwanza ya raba si kusimamisha gurudumu, ni kufuta maji. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa mita 2.2. Raba zikihitaji mizunguko mitano kufuta, umeshakwenda mita 11, urefu wa basi la abiria, kabla breki haijaanza kushika sawasawa. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa hizo ni sekunde mbili na nusu, na kwenye mteremko sekunde mbili na nusu ni nyingi.

Tena ringi hazifanani. Ya aluminiamu ikishafutwa hushika vizuri. Ya chuma iliyopakwa kromu, kama zile za baiskeli nzito za Black Mamba, ni laini kama kioo, na ikilowa breki hupoteza sehemu kubwa sana ya nguvu yake hata ubane mpaka vidole viume. Kama hujui unayo ipi, tafuta sumaku ya spika mbovu uiguse kwenye ringi: ikinata, ni chuma. Mwenye ringi ya chuma hana ujanja mwingi. Aanze kubana mapema, aende polepole, na kwenye mteremko mkali ashuke akokote. Hakuna aibu hapo. Breki za diski zinasumbuliwa kidogo tu na maji, na zile zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, pamoja na breki ya kupiga pedali kinyume, karibu hazijui kama mvua imenyesha.

Kinachosaidia kila mtu ni kugusa breki kidogo, kwa sekunde moja moja, hata pasipo haja, ili ringi isikae na maji. Mwendo upunguze kabla ya kona, baiskeli ikiwa wima, kisha uachie breki unapokata. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kwa sababu ukisimama uzito hukimbilia mbele, lakini juu ya ule uji gurudumu la mbele likifunga hutapata muda wa kulirekebisha. La nyuma likiserereka unaweza kuachia na kuendelea. Mizizi na madaraja ya mbao yavuke kwa pembe mraba, bila breki na bila kukanyaga pedali kwa nguvu.

Breki zikipiga kelele, wapo wanaozitia mafuta. Kelele zinaisha kweli, na breki nazo zinaisha. Osha ringi kwa maji na sabuni, kisha legeza nati ya raba uielekeze ili ncha yake ya mbele iguse ringi kwanza, nyuma ikiacha nafasi ya milimita moja hivi. Chungulia pia uso wa raba: mchanga hunasa humo na kugeuka msasa unaokula ringi. Uchokoe kwa pini.

Mvua kubwa ina adha yake, tope. Linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambako heri kuibeba baiskeli begani. Kwenye udongo mwekundu kijiti kinatosha kulichokoa. Usilazimishe kukanyaga: cheni ndiyo itakayokatika. Koti la mvua weka hata kama kumekucha kweupe, maana Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na nguo mbichi kwenye upepo wa mteremko huchukua joto la mwili haraka.

Ukifika nyumbani, shughulika na cheni kabla ya chai. Mvua imeosha mafuta na kuacha mchanga, na kutu haichelewi. Ifute kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta juu ya kila roli, kile kipipa kidogo kinachozunguka katika kila kiungo cha cheni, zungusha pedali mara ishirini, halafu ufute tena mafuta yote ya nje. Yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani ya roli. Ya nje yanaokota mchanga tu. Mafuta ya cherehani yanafaa, ingawa mvua inayofuata itayaondoa. Oili chafu ya gari haifai hata kidogo: imeshabeba vumbi la chuma kutoka kwenye injini, na hicho ndicho utakachokuwa unaipaka cheni yako.