Kiini cha atomi si kiini cha yai

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikianza somo la atomi kwa mchoro. Duara dogo katikati, miduara mingine ikilizunguka, vitone juu yake, mishale na majina. Wanafunzi walinakili vizuri, wakaupata mtihani, nami nikaamini wameelewa. Siku moja binti wa miaka 13 akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani aliiona?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Swali lake lilinifanya nipange somo zima upya, na siku hizi mchoro ule huja mwisho, baada ya vipindi vitatu au vinne.

Mchoro una tatizo lake popote unapofundishwa, lakini kwetu tunaofundisha kwa Kiswahili kuna jambo la ziada. Neno tunalotumia ni kiini. Mtoto amelijua tangu utotoni: kiini cha yai. Kisha kwenye biolojia amekutana nalo tena, kiini cha seli. Ukimwambia kwamba atomi nayo ina kiini, anawaza kitu kikubwa cha mviringo, kinachojaza sehemu nzuri ya nafasi, pengine chenye uhai. Nimezoea kuwaomba wanafunzi wachore atomi kabla sijafundisha lolote, na wengi huchora yai. Wapo walioniuliza kama atomi hukua.

Kwa hiyo nayaandika yote matatu ubaoni: kiini cha yai, kiini cha seli, kiini cha atomi. Tunayajadili. Neno ni moja kwa sababu kote linataja kilicho katikati, ila ukubwa na kazi havifanani hata kidogo. Dakika kumi za mazungumzo hayo zimeniokolea masahihisho mengi.

Baada ya hapo tunakata karatasi. Kila mmoja anapewa utepe wenye urefu wa sentimita 28. Kata katikati, weka nusu kando, kata inayobaki, endelea. Wengi hukwama kwenye mkato wa nane au wa tisa, pale kipande kinapokuwa na milimita moja au pungufu na mkasi haushiki tena. Ndipo nawaambia kwamba wangeweza kuendelea, wangefika kwenye ukubwa wa atomi kwenye mkato wa 31 hivi. Hukaa kimya kidogo. Wameshahisi kwa vidole vyao ugumu wa mkato wa tisa, na bado kuna zaidi ya 20.

Sasa turudi kwa yule binti. Hakuna aliyeitazama atomi kwa macho yake kisha akatuchorea ndani yake. Muundo wa atomi ulijulikana kwa kurusha vitu na kuangalia vinavyotokea upande wa pili, na mtoto wa darasa la saba anaweza kufanya hivyo hivyo. Nachukua ubao mpana, chini yake nabandika kipande cha mbao chenye umbo fulani, mara pembetatu, mara mraba, kisha naulaza juu ya vitegemeo vifupi ili gololi ipite chini bila mtu kuona ndani. Kila kikundi kinaviringisha gololi kutoka pande zote na kuchora ilikoingia na ilikotokea. Inayopita moja kwa moja inasema hapo hakuna kitu. Inayorudi au kupinda inasema kuna kitu na inaonyesha ukingo wake. Baada ya nusu saa wanachora umbo wasilowahi kuliona, na mara nyingi wanalipata.

Siwaruhusu kuinua ubao. Kwa hili nimelaumiwa na wanafunzi wengi, lakini sijabadili msimamo. Wanasayansi hawakuwa na ubao wa kuinua, na mwanafunzi akishachungulia anakumbuka alichokiona na kusahau alichokifikiri.

Hapo ndipo namtaja mwanafizikia Ernest Rutherford. Mwaka 1909, katika maabara yake huko Manchester, wasaidizi wake Geiger na Marsden walirusha chembe za alfa, yaani chembe nzito zinazotoka kwenye vitu vyenye mionzi, kwenye bamba jembamba mno la dhahabu. Wakati huo, kwa mujibu wa mwanafizikia Thomson, aliyeigundua elektroni, chembe ndogo yenye chaji hasi ya umeme, mwaka 1897, chaji chanya ilidhaniwa imetawanyika katika atomi nzima. Kama ingekuwa hivyo, chembe zote zingepita zikiwa zimepinda kidogo tu. Karibu zote zilipita. Lakini takriban 1 kati ya 8,000 iligeuka na kurudi ilikotoka. Nawauliza wanafunzi wenyewe: gololi yenu ingerudi kwa sababu gani? Wanajibu kabla sijamaliza kuuliza, kwamba imegonga kitu kizito. Na kwa nini ni chache hivyo? Kwa sababu kitu hicho ni kidogo mno. Jibu hilo, kwa msingi wake, ndilo alilolitoa Rutherford mwaka 1911: chaji chanya yote na karibu uzito wote wa atomi vimekusanyika mahali padogo sana katikati. Naongeza tu kwamba chembe ya alfa haigongi kama gololi. Nayo ina chaji chanya, hivyo inasukumwa na kiini kabla ya kukigusa.

Udogo huo tunaupima nje, uwanjani. Mwanafunzi mmoja anashika punje ya mchanga ya milimita moja. Ndiyo kiini cha haidrojeni. Mwingine anatembea mita 30. Hapo aliposimama ndipo ulipo ukingo wa atomi, maana upana wa atomi ya haidrojeni ni kama mara 60,000 ya upana wa kiini chake. Katikati yao hakuna kitu kingine isipokuwa elektroni moja. Hakuna mchoro wa kitabuni unaoweza kuonyesha umbali huo. Wala simlaumu mchoraji, ukurasa haumtoshi.

Majina ya chembe zenyewe nayapitia upesi. Protoni, chaji chanya. Nyutroni, haina chaji, uzito wake unakaribia sana ule wa protoni. Elektroni, chaji hasi, na protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836 hivi, ndiyo maana tunapotafuta namba ya uzito, yaani jumla ya protoni na nyutroni, elektroni hatuzihesabu. Nyutroni ilichelewa kugunduliwa, hadi mwanafizikia James Chadwick alipoithibitisha mwaka 1932, kwa sababu kisicho na chaji hakisukumwi wala kuvutwa, kwa hiyo ni vigumu kukinasa. Kiini kilijulikana miaka 21 kabla ya kujulikana vizuri kimejaa nini. Wanafunzi hulipenda jambo hilo, nami pia.

Neno moja tu hapo linahitaji kusimamishwa: chaji. Kwa mtoto, chaji ni kile kinachoisha kwenye simu. Niliwahi kuulizwa elektroni ikiishiwa chaji inakuwaje. Haiishiwi, ni sifa yake ya kudumu. Na hasi haina maana ya ubaya. Majina chanya na hasi yaliingizwa kwenye umeme na Benjamin Franklin katika karne ya 18, kabla elektroni haijajulikana kabisa, na yangeweza kupangwa kinyume bila chochote kuharibika.

Kipindi ninachokipa muda mrefu kuliko vyote ni cha shanga. Kila meza ina bakuli la shanga nyekundu, nyeupe na ndogo za buluu, pamoja na jedwali la elementi. Nyekundu 6 na nyeupe 6 ndani ya duara, buluu 6 nje: kaboni. Sasa ongeza nyeupe moja. Ni nini? Wengi husema elementi mpya. Tunaangalia jedwali. Bado ni kaboni, ila nzito zaidi, isotopi. Ondoa buluu moja. Bado ni kaboni, sasa ni ioni, yaani atomi yenye chaji. Haya, rudisha kama mwanzo, halafu ongeza nyekundu moja tu. Wanatafuta 7 kwenye jedwali, na kaboni imekuwa nitrojeni.

Hili ndilo ninalotaka wabaki nalo hata wakisahau mengine yote: idadi ya protoni ndiyo inayoamua atomi ni ya nini. Dhahabu ina protoni 79, zebaki 80. Tofauti ya protoni moja, na kimoja ni metali yabisi ya manjano, kingine kinamiminika kama maji. Darasa likifika hapo maswali huwa hayaishi. Mbona basi hatutengenezi dhahabu? Kwa sababu moto na tindikali hugusa elektroni za nje tu, na kiini hakifikiwi kwa njia hizo.

Mchoro wa miduara unakuja sasa, na nauita kwa kazi yake: njia ya kupanga hesabu ya elektroni, 2 kwenye mzingo wa kwanza, 8 kwenye wa pili. Sodiamu ni 2, 8, 1, na ile moja ya mwisho inatueleza kwa nini sodiamu haitulii ikikutana na klorini. Nawaambia wazi kwamba elektroni hazizunguki kiini kama sayari zinavyozunguka jua. Tunaweza tu kusema mahali zinapoelekea zaidi kupatikana, kama wingu zito hapa na jepesi kule. Wanafunzi wa umri huu wanaweza kuubeba ukweli huo.

Nikimaliza naandika swali moja ubaoni: chembe ina protoni 11, nyutroni 12 na elektroni 10, ni nini? Anayejibu magnesiamu amehesabu nyutroni. Anayejibu neoni amehesabu elektroni. Anayejibu sodiamu amefika, na akiongeza kwamba ni ioni yenye chaji chanya, nampa swali gumu zaidi. Wale wa magnesiamu na neoni siwarudishi kwenye mchoro. Kesho yake nawasogezea bakuli la shanga, na tunaanza tena na kaboni.