Simu za njia ya intaneti: ushindani huamuliwa pale mitandao inapokutana

Mtu akipiga simu kwa njia ya intaneti, sauti yake hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande hutiwa kwenye pakiti yake. Kwa usimbaji wa G.711, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data inayotumika sana kwenye simu za ofisini, pakiti moja hubeba baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelekezo ya safari. Dakika moja ya maongezi ni pakiti 3,000 kwa kila upande, sawa na kilobaiti 600. Kwa ruta, kifaa kinachoelekeza data njiani, pakiti hizo hazina tofauti ya gharama na pakiti za picha au barua pepe. Sheria za zamani hukwama hapo, maana zilitungwa kulinda dakika: nani aruhusiwe kuiuza, na kwa bei gani ikivuka mpaka.

Kenya ililiona jambo hili mapema. Hadi mwaka 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine hapohapo mjini ilipanda setilaiti, ikafika Ulaya au Marekani, kisha ikarudi. Novemba mwaka huo watoa huduma walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data ambacho kiini chake ni swichi tu, kifaa kinachounganisha mitandao. Muda wa data kwenda na kurudi ulishuka kutoka milisekunde 1,200 hadi 2,000 ukawa 60 hadi 80. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na baada ya takriban wiki mbili mdhibiti wa mawasiliano wa wakati huo, CCK, aliamuru kituo kifungwe kwa kukosa leseni. Kilifunguliwa tena Februari 2002, safari hii kikiwa na leseni.

Tatizo la uamuzi ule ni kwamba swichi ilibeba data ya ndani, iliyokuwa ikienda nje kwa sababu moja tu: haikuwa na mahali pa kukutania. Haki hiyo ya Telkom ikawa inalinda mapato ya safari isiyo na haja, na bili ikamwangukia mteja.

Ada ya mwingiliano, yaani kile mtandao wako unacholipa mtandao wa yule unayempigia, ina kasoro ya aina hiyohiyo. Ikiwa juu kuliko gharama halisi, kampuni kubwa hunufaika: hupunguza bei za simu za ndani ya mtandao wake, huku mteja wa kampuni ndogo akipiga karibu kila simu kwenda nje ya mtandao wake. Watu hujitetea kwa kubeba laini mbili au tatu. Ndiyo maana wadhibiti wamekuwa wakiishusha. Tanzania ilitoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Kenya ilitoka senti 99 hadi senti 58 Agosti 2022, kisha senti 41 Machi 2024. Pengo kati ya ada ya simu za ndani ya nchi na ya zile za kutoka nchi za nje ndilo linalozaa simboksi, kifaa chenye laini nyingi kinachopokea simu ya kimataifa kupitia intaneti na kuiingiza mtandaoni ikionekana ya ndani. Polisi watavikamata vifaa, lakini pengo likibaki vitarudi.

Leseni nazo zimebadilika. Tangu 2005 Tanzania hutenganisha leseni za miundombinu, huduma za mtandao, huduma za matumizi (zile anazouziwa mteja) na maudhui, bila kujali teknolojia. Ni hatua nzuri, ila haitoshi mwenye mkongo wa mawasiliano anapouza pia rejareja. Akimuuzia mshindani kwa shilingi 90 kile anachomuuzia mteja wake kwa 100, mshindani ana leseni lakini hana biashara. Mdhibiti lazima apime pengo hilo, si bei ya rejareja peke yake.

Unaweza kukagua mwenyewe kama mtoa huduma wako anakutana na wenzake nchini. Kwenye Windows fungua cmd, dirisha la kuandikia amri, andika tracert, amri inayoonyesha kila kituo data inapopita na muda wake kwa milisekunde, acha nafasi, kisha anwani ya tovuti ya kampuni nyingine ya intaneti ya nchini. Hakikisha tovuti hiyo imehifadhiwa nchini, kwani nyingi zenye .tz au .ke ziko kwenye seva za nje. Mstari wa kwanza ukiwa na namba kubwa, huenda shida ni Wi-Fi yako. Nyota mara nyingi zina maana ruta imekataa kujibu, si kwamba imeharibika. Namba zikiruka ghafla kupita 100 na kubaki huko hadi mwisho, huenda data yako inatoka nje na kurudi. Rudia saa tofauti, hifadhi picha za matokeo, na uzipeleke kwanza kwa mtoa huduma. Asipojibu, ziambatishe kwenye malalamiko yako kwa mdhibiti.