Je, wajua kwa nini hamira ya kutengenezea dawa hupunguziwa joto ili izalishe zaidi?

Anayekanda unga wa maandazi anajua kwamba hamira hupenda uvuguvugu: beseni likifunikwa na kuwekwa karibu na jiko, donge huumuka upesi, na asubuhi ya baridi hubaki limenywea. Kwa ujuzi huo wa jikoni niliamini kwa miaka mingi kwamba hamira ya viwanda vya dawa nayo huzalisha zaidi pale inapokua kwa kasi zaidi, na kwamba dhiki yoyote ya mazingira, iwe baridi, chumvi au upungufu wa oksijeni, ni hasara tupu. Nilikosea.

Hamira hiyo imepandikizwa jeni ya kiumbe kingine ili iunde protini ya kiumbe hicho. Chanjo ya homa ya ini aina B iliyotengenezwa kwa njia hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, na sehemu kubwa ya insulini ya leo hutokana na hamira.

Kosa langu lilianzia kwenye kipimo. Donge linapoumuka, tunachokiona ni hewa ya kabonidioksidi iliyonaswa ndani ya unga, na hewa hiyo haituelezi lolote kuhusu idadi ya protini zilizokamilika. Zaidi ya hayo, seli inayokua kwa kasi hutumia nguvu zake nyingi kujenga seli nyingine kama yenyewe, si kutengeneza kile tunachokitaka sisi. Chukua hamira iitwayo Pichia pastoris. Hukua vizuri kwenye nyuzi joto 28 hadi 30, na jeni iliyopandikizwa ndani yake kwa kawaida huwashwa kwa kulishwa methanoli, ambayo yenyewe ni dhiki: seli ikiivunja huzalisha peroksidi ya hidrojeni, hula oksijeni nyingi na kulipasha joto tangi. Waendeshaji wengi hukuza seli kwanza, kisha, methanoli inapoanza kuingizwa, hushusha joto hadi nyuzi 20 au 25. Ukuaji hupungua, lakini kwa protini kadhaa, vikiwamo vipande vya kingamwili, mazao yameonekana kupanda.

Sababu kubwa imo katika kukunjwa kwa protini. Insulini ina asidi amino 51 na vifungo vitatu vya salfa ambavyo kila kimoja sharti kikae mahali pake. Mnyororo wake ukiwa unaundwa ni uzi tu. Hupata umbo ndani ya retikulamu ya endoplazimu, chumba cha kukunjia cha seli. Fikiria jiko linaloandaa sambusa za futari. Kukata manda ni kazi ya dakika chache; kinachokula muda ni kuzikunja pembetatu, kuzijaza nyama na kuzifunga kwa uji wa unga. Mkataji akiongeza kasi ilhali wakunjaji ni wawili tu, manda hurundikana, na zikirundikana hugandana hata haziwezi kubanduliwa bila kuchanika. Protini ambazo hazijakunjwa hugandana vivyo hivyo, kwa kuwa sehemu zake zinazokwepa maji, ambazo zingefichwa ndani baada ya kukunjwa, bado ziko wazi. Ubaridi kiasi humpunguza kasi mkataji, na pia hupunguza ule mvuto wa kugandana.

Seli nayo haikai ikitazama tu rundo likikua. Protini msaidizi iitwayo Kar2 huishika minyororo isigandane. Wakati wa utulivu, baadhi ya Kar2 huishikilia Ire1, ambayo ni kama mlinzi aliyechomekwa kwenye ukuta wa chumba. Kazi ikizidi, Kar2 hukimbilia kwenye rundo na kuiachia Ire1, nayo huamka. Maelezo hayo peke yake hayatoshi, kwani kuna ushahidi kwamba Ire1 pia huigusa moja kwa moja minyororo isiyokunjwa.

Linalofuata ndilo linalonivutia kuliko yote. Nje ya chumba hicho, katika hamira ya mikate, kuna ujumbe wa jeni ya HAC1 uliokwisha kuandikwa kama RNA, yaani nakala ya maagizo ya jeni, lakini una kipande cha herufi 252 kinachojipinda na kushikana na mwanzo wa ujumbe, mfano wa barua iliyokunjwa ikashonwa kwa uzi, hivyo hausomeki. Ire1 hukikata kipande hicho, kisha ncha mbili huunganishwa na kimeng'enya ambacho kazi yake ya kila siku ni kuunganisha RNA za aina nyingine kabisa. Protini ya Hac1 huundwa, huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni: wakunjaji huongezeka, chumba hupanuka, na minyororo iliyoharibika hutolewa nje ikavunjwe.

Isidhaniwe kwamba kila dhiki husaidia. Joto linalopita nyuzi 37 huielekeza seli kwenye kujiokoa, na chumvi nyingi huilazimisha kulimbikiza gliseroli ili isipoteze maji. Protini ya chanjo ya homa ya ini, ambayo hamira ya mikate haiitoi nje, hupatikana kwa kuzipasua seli zenyewe, kwa hiyo vizuizi vyake si vilevile vya insulini. Wahandisi wamejaribu hata kupandikiza jeni ya HAC1 ambayo tayari imekatwa, ili chumba kipanuliwe kabla msongamano haujaanza. Kwa baadhi ya protini mazao yaliongezeka, na kwa nyingine hayakubadilika au yalishuka.