Mkwaruzo Kwenye Simu si Dalili ya Kusikilizwa

Ndani ya matatu ya kwenda Rongai, abiria akisikia simu inakwaruza hushusha sauti na kunong'ona, "Nitakupigia baadaye, tunasikilizwa." Imani hiyo ni ya zamani na ina chembe ya ukweli, kwa kuwa waya uliochomekwa vibaya kwenye laini za kale uliweza kutoa mlio. Hata hivyo, kunasa mawasiliano ni kazi iliyofanywa kimya tangu hapo. Mwaka 1942 Waingereza waliwahamishia Kilindini, Mombasa, wataalamu wao wa kunasa na kufumbua ujumbe wa redio wa Wajapani, wakaweka ofisi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Meli zilizokuwa zikisikilizwa hazikugundua kitu, maana anayepokea mawimbi hatoi sauti. Marekani nayo, kuanzia 1945 hadi 1975, ilipewa nakala za telegramu na kampuni zenyewe, katika mpango ulioitwa SHAMROCK. (Karatasi inayonakiliwa ofisini italialiaje sikioni mwa mtumaji?) Siku hizi mazungumzo yanaweza kunakiliwa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, mbali na kifaa chako. Mkwaruzo wa kwenye matatu, aghalabu, ni mtandao dhaifu tu.