Huw Morgan Patagonia: riwaya iliyoandikwa kwa lugha waliyoikimbia

Karibu kila mwaka nikifundisha fasihi ya wahamaji, hakosi mwanafunzi wa kuniletea lalamiko lile lile: riwaya ya kwanza ilimliza, ya pili imemchosha. Anasema habari za mwandishi Richard Llewellyn. How Green Was My Valley ilitoka 1939, na Huw Morgan, mtoto wa wachimba makaa ya mawe wa kusini mwa Wales, akapendwa kama mtoto wa nyumbani. Up, Into the Singing Mountain ilichelewa mpaka 1960. Humo Huw yuko Patagonia, Argentina. Msomaji anachungulia jikoni kumtafuta Mama Morgan, hamwoni, anafunga kitabu.

Mimi humwambia amwache mama, asikilize sentensi.

Huw ndiye msimulizi, na Kiingereza chake kina mifupa ya Kiwelshi, lugha ya Wales. Kiwelshi hupenda kutanguliza neno lenye uzito, kama mtu anayesema "uchovu ndio niliokuwa nao" pale ambapo wengine wangesema "nilichoka". (Llewellyn mwenyewe alizaliwa Hendon, London, ingawa alipenda kudai kwao ni St Davids. Sikio lakini alikuwa nalo.)

Kule migodini mtindo huo ulikuwa pambo tu. Huko Patagonia unazua swali, kwa sababu ya watu waliohamia kule. Meli ya Mimosa iling'oa nanga Liverpool mwezi Mei 1865 ikiwa na Wawelshi kama 150, ikafika tarehe 28 Julai mahali panapoitwa leo Puerto Madryn. Watu hao walitaka watoto wao wasome, wasali na wagombane kwa Kiwelshi, mbali na Kiingereza. Walikuta nyika kavu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1867 Rachel Jenkins ndiye aliyemshauri mumewe, Aaron, achimbe mfereji kutoka mto Chubut mpaka kwenye ngano yao. Mfereji kwa Kiwelshi ni ffos, na bonde lile lote liliishi kwa neno hilo.

Sasa Huw anaishi kati ya watu hao, majirani wa Kiwelshi na wa Kihispania, naye anatusimulia kila kitu kwa lugha waliyoivukia bahari kuikimbia. Kila wanapozungumza, mimi hujiuliza: hapa midomo ilitamka nini hasa? Hata ramani inaonyesha mvutano huo. Mji wa kinu, Trefelin, huandikwa Trevelin, kwa kuwa f ya Kiwelshi husomwa v, na karani wa Kihispania huandika anachosikia. Ukisoma hivyo, ile sauti ya Huw inayowachosha wanafunzi wangu inageuka kuwa sauti ya mtu anayejitafsiri mwenyewe mchana kutwa.

Ya tatu, Down Where the Moon Is Small ya 1966, inabaki Argentina, nayo inafaa kusomwa papo hapo baada ya ya pili. Ya nne, ya 1975, inamrudisha Wales. Hiyo sijawahi kuifundisha.