Ukidaiwa kipande, yaani kitambulisho, kwa sababu ya sura yako, ulalamike wapi?

Kila polisi wakifanya msako Eastleigh, Nairobi, tunapigiwa simu, lakini wanaopiga ni majirani. Aliyekamatwa mwenyewe ameshatoa kitu kidogo, amerudi nyumbani na amenyamaza. Wapo wanaojiita "ATM ya polisi", tena wakicheka.

Chanzo cha ukimya huo tunakielewa. Msomali wa Wajir amelelewa na simulizi za mauaji ya Wagalla, Februari 1984. Aprili 2014 akaona maelfu wakizolewa katika operesheni ya Usalama Watch, wengine wakizuiliwa uwanjani Kasarani. Mnubi wa Kibra naye amehojiwa hadi asili ya babu yake ili apewe kitambulisho. Askari akisema "toa kipande", wengine huona ni usumbufu wa dakika mbili. Hawa husikia swali jingine kabisa: wewe ni Mkenya kweli? Hatusemi kila askari ana nia hiyo.

Ila kurusha video mtandaoni si kulalamika. Malalamiko hupelekwa IPOA, mamlaka ya kiraia ya kusimamia mwenendo wa polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo haiko chini ya Inspekta Jenerali. Unaweza kuandika, au ueleze kwa mdomo yakaandikwa. Si lazima uwe raia, wala uwe na kipande. Sheria inasema mtu yeyote. Hili tumelirudia mpaka tumechoka.

Taja tarehe, saa, mahali, kituo, nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) ukiipata, na jina au nambari ya askari. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi linamtaka aliyevaa sare aonyeshe mojawapo waziwazi. Akiificha, liandike hilo pia. Kumbuka saa 24 za kumfikisha aliyekamatwa mahakamani, kwa Kifungu cha 49 cha Katiba, zikiishia nje ya saa za mahakama, husubiriwa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo kukamatwa Ijumaa jioni na kufikishwa mahakamani Jumatatu si lazima iwe ukiukaji.

IPOA haimfuti askari kazi. Huchunguza na kupendekeza. Kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mateso, kwa sheria ya 2017, adhabu yake hufika kifungo cha miaka 25.

Na matusi ya kikabila? Wengi huyaacha nje ya taarifa, wakiona kofi ndilo lenye uzito. Lakini kofi peke yake halionyeshi kwamba ulichaguliwa kwa kabila lako. Yaandike neno kwa neno, kwa lugha aliyoitumia.